Endoskopu hufia kwenye sinki: namna ya kuiosha, kuua vijidudu vyake na kuitunza

Anayenunua endoskopu, ule mrija wenye kamera wa kuchungulia ndani ya mwili, huangalia picha. Anayeiosha huangalia matundu. Gastroskopu (endoskopu ya tumbo) ya mtu mzima ina mrija wa karibu sentimita 103 unaoingia mwilini, unene wake milimita 9 hadi 10, yaani mwembamba kuliko kidole cha mwisho. Ndani ya mrija huo mnapita chaneli ya vifaa yenye kipenyo cha milimita 2.8, chaneli za hewa na maji, waya za kupindishia ncha, waya za umeme za kamera na nyuzi za kupeleka mwanga. Kila mgonjwa anapopimwa, kamasi, damu na mabaki ya chakula huingia humo, mahali ambapo jicho haliwezi kuchungulia.

Hatua zilizoelezwa hapa ni za endoskopu laini za tumbo na utumbo mpana. Kitabu cha mtengenezaji cha modeli yenu ndicho chenye neno la mwisho. Kikipingana na lolote lililoandikwa hapa, fuateni kitabu.

Kwa nini kila kizazi kimekuwa kigumu zaidi kuosha

Mwaka 1806 Philipp Bozzini, daktari wa Frankfurt, alikuwa na bomba fupi lenye mshumaa na kioo. Kulisafisha kulitaka kitambaa tu. Adolf Kussmaul, mwaka 1868 huko Freiburg, alipitisha bomba lililonyooka kwenye koo la mtu aliyezoea kumeza panga kwenye maonyesho. Nalo lilikuwa wazi upande huu na huu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1932, Rudolf Schindler na fundi Georg Wolf walipotoa gastroskopu iliyoweza kupinda kiasi, ikiwa na lenzi nyingi zilizopangwa ndani. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, akaleta ile ya nyuzi za kioo inayopinda kabisa. Zikafuata chaneli za kufyonza na kuchukulia vipande vya nyama, na mwaka 1983 kampuni ya Welch Allyn ikaweka chipu ya kamera kwenye ncha.

Kila hatua iliboresha picha, ikaongeza matundu na kupunguza uwezo wa kifaa kustahimili joto. Gundi, mpira na lenzi za endoskopu laini haziwezi kuvumilia mvuke wa otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa joto kali. Ndiyo maana tunategemea dawa za kemikali, na dawa hizo zina udhaifu mmoja: hazipenyi uchafu. Glutaraldehaidi, mojawapo ya dawa hizo, hata huugandisha uchafu wa protini ukutani mwa chaneli, mfano wa yai kwenye kikaango. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla dawa haijaguswa.

Kando ya kitanda

Saa inaanza kuhesabu mrija unapotoka kinywani. Kabla hujazima mashine, futa mrija kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowekwa kwenye maji ya sabuni ya vimeng'enya, ukishuka kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha. Usirudi juu, maana utapaka uchafu ulioutoa. Zamisha ncha kwenye myeyusho huo na ufyonze mililita 200 au zaidi, hadi kinachopita kiwe safi. Kisha ondoa valvu ya hewa na maji, weka ile valvu ya kusafishia inayokuja na kifaa (mara nyingi ina rangi tofauti), pitisha maji kwa sekunde 30, halafu hewa kwa sekunde 10.

Wengi huiruka hatua hiyo ya mwisho kwa sababu mgonjwa anayefuata amekwisha kuitwa. Matokeo yake huonekana baada ya miezi: tundu dogo la kwenye ncha linaloosha lenzi huziba kwa kamasi iliyokauka, na hakuna brashi inayoingia humo.

Peleka endoskopu kwenye chumba cha kuoshea ndani ya chombo chenye mfuniko, ikiwa na unyevu. Kuosha kwa mkono kuanze ndani ya saa 1. Ikizidi hapo, vijidudu huanza kujenga utando wa kunata, na kifaa kitahitaji kulowekwa kwa utaratibu wa kuchelewa ulioelezwa kwenye kitabu. Andika muda wa kumaliza kipimo kwenye lebo ya chombo, ili anayepokea asikisie.

Kupima uvujaji, kila mara

Kipimo hiki huchukua dakika chache na huokoa matengenezo ya gharama kubwa. Vua valvu zote. Kausha kiunganishi cha kipima uvujaji na cha endoskopu, kwa kuwa tone moja la maji hapo litasukumwa na hewa hadi kwenye kamera. Kama modeli yenu inahitaji kifuniko cha kuzuia maji kwenye plagi ya umeme, kifunge sasa. Jaza hewa ukiwa bado nje ya maji na uguse mpira wa sehemu inayopinda. Unapaswa kuvimba kidogo.

Ndipo uzamishe kifaa chote kwenye maji safi yasiyo na sabuni, kwani povu hukudanganya. Tumia bomba la sindano la mililita 50 kusukuma maji kwenye chaneli ili hewa iliyonaswa itoke, usije ukaidhania ni uvujaji. Sasa zungusha magurudumu ya kupindishia ncha polepole: juu, chini, kushoto, kulia. Bonyeza na vitufe vya kwenye mpini. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano kwenye mpira huwa limefumba mrija ukiwa umenyooka, likafumbuka mpira unapovutwa. Utaona mlolongo wa viputo vidogo vikipanda kutoka sehemu ileile moja. Kiputo kimoja kilichojishikiza na kuachia hakina neno. Mfululizo usiokoma ndio uvujaji. Tazama kwa dakika 2 kwa jumla.

Mpangilio wa kumaliza ndio unaoharibu vifaa vingi. Toa endoskopu majini hewa ikiwa bado imo. Tenganisha kipima uvujaji na chanzo cha hewa, subiri mpira unywee, ndipo ukichomoe kwenye endoskopu. Ukikichomoa ndani ya maji, umeyafungulia maji mlango.

Inayovuja isizamishwe tena kwenye kitu chochote. Ifungiwe lebo, iandikwe mahali pa uvujaji, ipelekwe kwa fundi ikiwa na maelezo kuwa haijakamilika kuoshwa. Kuiosha "kwa uangalifu" ili imalize orodha ya wagonjwa wa siku hiyo ni kugeuza tatizo la mpira kuwa tatizo la kamera.

Brashi na sabuni

Vaa glavu ndefu, aproni isiyopitisha maji, barakoa na ngao ya uso. Weka alama ya lita 10 kwenye beseni, maana sabuni haipimwi kwa macho. Lebo ikisema mililita 5 kwa lita, beseni hilo linahitaji mililita 50. Maji yawe vuguvugu kwa joto lililoandikwa kwenye lebo. Maji ya moto huharibu vimeng'enya, na sabuni ikizidi huacha utelezi ambao kusuuza mara moja hakuutoi. Myeyusho ni wa endoskopu moja, kisha unamwagwa.

Piga brashi kifaa kikiwa chini ya maji ili matone yasiruke. Njia ni tatu. Ya kwanza: ingiza brashi kwenye tundu la valvu ya kufyonza kwa mlalo wa nyuzi 45, isukume hadi itokeze kwenye ncha. Ya pili: tundu lilelile, lakini brashi inaingia wima, ikielekea upande wa plagi hadi itokeze kwenye kiunganishi cha mpira wa kufyonza. Ya tatu: brashi fupi kwenye mdomo wa chaneli ya vifaa na kwenye viti vya valvu, ukiizungusha. Kila brashi inapotokeza upande wa pili, isuguliwe kwa vidole ndani ya sabuni kabla ya kuivuta kurudi. Rudia hadi itoke safi. Haihesabiwi mara tatu au mara nne; inahesabiwa kwa usafi wa brashi.

Brashi nyembamba kuliko inavyotakiwa hupita katikati ya chaneli bila kugusa ukuta, na iliyopinda waya hukwaruza. Mkwaruzo mdogo ni shimo la kujificha bakteria. Brashi za kutumia mara moja ni bora zaidi. Zile za kurudia zikaguliwe nywele kila asubuhi.

Duodenoskopu, ile ya njia za nyongo, ina kilifti kidogo cha chuma kwenye ncha cha kunyanyulia waya. Kipandishe na ukishushe, upige brashi mbele na nyuma yake. Kati ya mwaka 2012 na 2015 kulikuwa na milipuko ya bakteria sugu miongoni mwa wagonjwa waliopimwa kwa duodenoskopu huko Marekani, ikiwemo Seattle na Los Angeles, na baadhi ya waoshaji walikuwa wamefuata maelekezo yote. Kosa lilikuwa kwenye umbo la kilifti chenyewe.

Baada ya brashi, jaza chaneli zote sabuni na uache kwa muda wa lebo. Suuza kwa maji safi, halafu sukuma hewa hadi maji yaishe. Maji yanayobaki ndani ya chaneli huenda kuzimua dawa, na dawa iliyozimuliwa haitakwambia.

Dawa: muda, joto na kipimio

Glutaraldehaidi ya 2% iliyoamshwa (iliyochanganywa na kiamshi chake) hutumika kwa angalau dakika 20 kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, ingawa lebo za baadhi ya nchi hutaka zaidi. OPA (ortho-phthalaldehaidi) ya 0.55% kwenye lebo za Marekani ni dakika 12 kwenye nyuzi 20. Asidi ya perasetiki hufanya kazi haraka na haigandishi protini, lakini hudumu muda mfupi ikishachanganywa, na baadhi ya michanganyiko yake hula vyuma vya zamani. Fuata lebo ya dawa mliyo nayo. Majina yanafanana, viwango havifanani.

Kabla ya kila kundi la kazi, chovya kipimio cha karatasi kinachoonyesha nguvu ya dawa. OPA ikishuka chini ya 0.3%, inamwagwa hata kama imefunguliwa jana. Ikifika siku 14 inamwagwa hata kama kipimio bado kinapita. Vipimio vyenyewe vina tarehe ya mwisho baada ya chupa kufunguliwa, na unyevunyevu wa pwani huviharibu mapema. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Zamisha kifaa chote na ujaze kila chaneli kwa bomba la sindano hadi viputo viishe kutoka upande wa pili. Kiputo cha hewa ndani ya chaneli ni sehemu ambayo dawa haikugusa.

OPA ina faida moja ya ajabu: hutia doa la kijivu kwenye protini. Mrija ukitoka na mabaka ya kijivu, dawa imekuonyesha mahali ambapo brashi haikufika. Itakutia doa na wewe pia ukivua glavu. Ila OPA isitumike kwenye vifaa vya kibofu vya wagonjwa wa saratani ya kibofu wanaopimwa mara kwa mara, kwa sababu baadhi yao wamepata mzio mkali. Glutaraldehaidi nayo huchoma macho na huleta pumu kwa waoshaji, kwa hiyo ndoo yake iwe na mfuniko na chumba kiwe na feni inayotoa hewa nje. Feni inayozungusha tu mvuke chumbani haisaidii kitu.

Kusuuza, kukausha, kutundika

Maji ya mwisho yawe tasa au yaliyopita kwenye chujio la mikroni 0.2. OPA hutaka misuuzo 3, kila mmoja kwa maji mapya. Dawa isiyosuuzwa vizuri huunguza utando wa utumbo, na mgonjwa hurudi baada ya siku moja au mbili akiwa na maumivu na kuhara damu, watu wakitafuta ugonjwa usiokuwepo. Maji ya kisima ya pwani, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, yana chumvi. Hata yakiwa yamechujwa vijidudu, chumvi hubaki ndani ya matundu madogo na kuyaziba kidogo kidogo.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa kuliko yote. Kifaa kilichouawa vijidudu sawasawa kikilala na maji ndani, asubuhi huamka na bakteria aina ya Pseudomonas. Pale mwongozo wenu unaporuhusu, pitisha spiriti ya 70% kwenye chaneli zote. Kisha sukuma hewa iliyochujwa, kutoka kompresa isiyotumia mafuta, kwa angalau dakika 10. Elekeza ncha kwenye kioo au karatasi kavu: ukungu ukionekana, endelea.

Tundika wima, valvu zikiwa zimevuliwa, kwenye kabati linalopitisha hewa, ncha isiguse chini. Valvu zifuatane na endoskopu yake kwenye kimfuko chenye namba. Lile begi la sponji lililokuja na kifaa ni la kusafirishia tu, sponji halioshwi. Usikikunje kwa duara dogo kuliko sahani ya chakula. Kikikauka hivyo, miongozo mingi hukubali kikae siku 7 kabla ya kuoshwa upya.

Chupa ya maji inayounganishwa na mashine husahaulika kirahisi. Itakaswe kila siku na ijazwe maji tasa.

Kwenye daftari ziandikwe namba ya mgonjwa, namba ya kiwandani ya endoskopu, jibu la kipimo cha uvujaji, jibu la kipimio cha dawa, saa ya kuingia na kutoka, na jina la aliyeosha. Ikitokea maambukizi, bila daftari hilo hamwezi kujua nani aliguswa na kifaa gani.

Dalili na chanzo chake

Picha ikiwa na ukungu usiofutika kwa maji, fikiria maji yameingia nyuma ya lenzi. Rudia kipimo cha uvujaji kabla ya kumpigia fundi. Maji yakitoka kwa kudondoka badala ya kupita juu ya lenzi, tundu la ncha linaziba. Loweka ncha kwenye sabuni ya vimeng'enya, wala usilichokoe kwa sindano. Ncha isipopinda hadi mwisho, waya zimelegea, na mara nyingi chanzo ni kupindisha kwa nguvu mrija ukiwa umekunjwa. Chaneli ikitoboka, tafuta aliyefungua koleo ya biopsi (ya kuchukulia vipande vya nyama) ndani ya mrija, au aliyeisukuma ncha ikiwa imepinda. Alama za meno kwenye mrija zina jibu moja: kizuia meno kilichomoka kinywani na hakuna aliyekishika.

Taa ikififia, angalia saa zake. Nyingi za zenoni huandikiwa takriban saa 500, na baada ya hapo zinaweza kupasuka. Umeme ukipanda na kushuka, stabilaiza na UPS vitangulie mashine. Zima prosesa, mashine inayotengeneza picha, kabla ya kuchomeka au kuchomoa endoskopu, isipokuwa kitabu kinaruhusu vinginevyo.

Teknolojia mpya, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kapsuli ya kumeza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, ina ukubwa wa milimita 11 kwa 26. Zile za mwanzo zilipiga picha 2 kila sekunde, zaidi ya 50,000 kwa saa 8. Haioshwi. Lakini haichukui kipande cha nyama wala haifungi mshipa unaovuja damu. Mwanza na vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, wagonjwa wa kichocho hutapika damu ya mishipa iliyovimba kwenye umio, na wanahitaji kufungwa mishipa hiyo kwa mpira papo hapo. Huko Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imekuwa ikiweka stenti (bomba dogo la kuweka njia wazi) kwa wagonjwa wa saratani ya umio kwa zaidi ya miaka 20. Kazi hizo hazifanywi na kidonge chenye kamera. Isitoshe, kapsuli hukwama penye utumbo uliobana.

Programu za akili unde huchora kisanduku kwenye skrini mahali inapohisi kuna kinyama (uvimbe mdogo). Ya kwanza ya utumbo mpana kuruhusiwa Marekani ilipita Aprili 2021. Inasoma picha ileile anayoiona daktari. Lenzi ikiwa na utando, au utumbo ukiwa haujasafishwa vizuri, itachora visanduku juu ya povu na mabaki ya kinyesi siku nzima. Mwenye fedha ya kununua kimoja tu kati ya programu hiyo na kompresa nzuri ya kukaushia, anunue kompresa.

Endoskopu za kutumia mara moja zinaondoa sinki kabisa. Duodenoskopu ya kwanza ya aina hiyo iliruhusiwa Marekani Desemba 2019. Ili kujua kama zinawafaa, chukua bei ya endoskopu ya kudumu, ongeza matengenezo ya miaka mnayotarajia kuitumia, gawa kwa idadi ya wagonjwa wa miaka hiyo, kisha ongeza sabuni, dawa, brashi, maji na mshahara wa muoshaji kwa kila mgonjwa. Linganisha na bei ya ile ya kutupa, pamoja na gharama ya kuichoma. Kwenye kitengo chenye wagonjwa wengi wa tumbo, ya kudumu hushinda. Kwa bronkoskopu (endoskopu ya mapafu) inayotumika ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mara chache, usiku, bila muoshaji zamu, hesabu huweza kugeuka.

Mkiletewa endoskopu iliyokwishatumika, ya kununua au ya msaada, itazameni kabla ya kutia saini. Ikiwa ni ya nyuzi, elekezeni kwenye karatasi nyeupe na mhesabu madoa meusi. Kila doa ni uzi uliokatika. Ulizeni kama inaingia kwenye prosesa mliyonayo, kwa kuwa plagi za vizazi tofauti hazioani hata zikiwa za kampuni moja. Ulizeni historia ya matengenezo yake. Kisha fungueni begi mtafute vitu vitatu: kipima uvujaji, valvu ya kusafishia na viunganishi vya kupitishia dawa kwenye chaneli. Visipokuwemo, mwambieni muuzaji avilete kwanza.